Mashine Niliyomchagulia Mtani Wangu

Simu ilipoita nilikuwa nachambua mchele, nikaipokea kwa vidole vyenye pumba. Alikuwa binti mkubwa wa Fundi Pazi, na hakuzungukazunguka. "Shikamoo shangazi Kalunde. Baba ametutoka asubuhi hii. Mama amesema mtani ajulishwe kabla ya mtu mwingine yeyote." Nikamwambia pole mwanangu, nakuja, nikaiweka simu juu ya meza na kurudi kwenye ungo wangu. Nikachambua mchele mpaka ukaisha wote, hata chenga nikazitenga. Sikulia. Kilichonishika hakikuwa huzuni, ilikuwa hofu, tena hofu ya kitoto kabisa kwa mwanamke wa umri wangu, maana nilijua nikifika pale msibani nitaambiwa nifanye nini.

Mie ni Mnyamwezi, Pazi alikuwa Mzaramo, na makabila yetu haya ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo mpaka pwani. Naweza kumtukana mbele ya wakwe zake, naweza kuingia bandani kwake nikakamata kuku nikaondoka naye, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Akifa, ni mie ninayevaa nguo zake na kuigiza alivyotembea na alivyosema, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Hiyo ndiyo kazi ya mtani na nimeifanya kwenye misiba mingi, watu wakanisifu. Lakini kwa Pazi nilikuwa na jambo. Nimekaa nalo miaka yote hii, sikumwambia yeye, sikumwambia Somoe mkewe, na jambo lenyewe ni la mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na kujiona najua kila kitu. Habari za ukoo wetu na za Tabora nilikotoka nitaziacha, hazisaidii kitu hapa.

Nilikuwa nimepanga chumba Manzese, kwenye nyumba yenye vyumba sita na ukumbi katikati, choo na jiko uani. Siku hizi mwendokasi unapita pale barabarani na ukiniuliza nyumba ilikuwa wapi nitakuonyesha ghorofa la duka la simu. Wakati ule ilikuwa nyumba ya udongo na bati, na kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa, ziliishia kichwani mwa mtu mrefu, hivyo ukikohoa chumbani kwako jirani anakwambia pole. Chumba cha pili kutoka changu alikaa Fundi Pazi na Somoe, binti wa Kilwa, mweusi wa kupendeza, mwenye kicheko cha kumfanya mtu asahau alichokuwa amekasirikia. Kwa kuwa Pazi ni mtani wangu, Somoe nilimwita mke mwenzangu, na alinijibu vivyo hivyo. Tulipika jiko moja. Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa unga wa njano uliotoka ng'ambo, mwaka ule wa foleni, na mchicha, na dagaa siku Somoe alipowahi. Tulikula uani juu ya mkeka mmoja, na Pazi kila siku alisogeza sahani ya mboga upande wake na kusema, "Mpagazi hapewi mboga, atashindwa kubeba mzigo." Nami nilimjibu kwamba Mzaramo akishiba anakwenda ngomani, kesho yake halimi, kwa hiyo heri tule sie tunaofanya kazi. Kila siku maneno yaleyale, na kila siku tulicheka.

Mie nilikuwa napiga taipu kwenye ofisi moja ya shirika la umma mjini. Pazi hakuwa na kazi ya kuajiriwa. Alitengeneza vitanda na viti vya chuma pale uani, kwa mikono, kwa moto wa mkaa na mvukuto wa ngozi, na kuunga vyuma alikwenda kwa rafiki yake aliyekuwa na umeme wa kuchomelea. Ukitaka kukunja bomba la chuma bila mashine, unalijaza mchanga mkavu mpaka likae kama gogo, unaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, unapasha moto pale unapotaka likunjike, halafu unalivuta taratibu kuzunguka nguzo. Mchanga unalizuia lisibonyee. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo. Alikuwa na macho madogo, makali, anayakaza kwenye chuma kinachoiva rangi mpaka unadhani ni macho ndiyo yanayokikunja. Kwa namna hiyo alimaliza kitanda kimoja kwa wiki, na kitanda kimoja kwa wiki hakikutosha kumfanya aitwe mfanyakazi. Mwaka ule waliwakamata wasio na kazi mjini, wakawapakia kwenye malori na kuwapeleka vijijini wakalime. Mtu akiulizwa kazi yake lazima awe na barua. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa ameshamwambia Pazi mara mbili, kwa upole lakini mbele za watu, "Fundi, tafuta karatasi."

Karatasi nilimtafutia mie. Shirika letu lilitaka vitanda thelathini vya zahanati ya kijiji cha Ujamaa njia ya Kisarawe, na bosi wangu alikuwa anahubiri kujitegemea kila Jumatatu. Nikamwambia yupo fundi Manzese, mzalendo, anatengeneza kwa mikono yake. Barua ya kumpa kazi niliipiga taipu mwenyewe, na kwa kiherehere changu nikaongeza aya moja, kwamba shirika litamchukulia fundi huyu mashine moja ya kukunjia mabomba ili amalize kabla ya siku ya kufungua zahanati. Bosi akasaini bila kusoma mpaka chini. Mashine moja tu, ichaguliwe dukani, ilipwe na ofisi. Akimaliza vitanda kwa wakati atapewa barua ya kutambuliwa na hakuna atakayemgusa. Somoe aliponisikia nikiisoma ile barua uani alipiga kigelegele, akanikumbatia nikanusurika kuangukia kwenye jiko. Pazi aliichukua, akaigeuza huku na huku, hakujua kusoma, akasema, "Basi wewe msomi ndiye utakayechagua." Alisema kwa utani. Mie nikalichukua neno hilo kama cheo.

Duka lilikuwa karibu na Kariakoo, la mzee mmoja wa Kihindi, Bwana Nazarali, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Nyumba yake ilikuwa imetaifishwa na sasa alipanga ghorofa lilelile alilolijenga, na mbao za masanduku zilikuwa zimesimama nyuma ya kaunta, kila mtu alijua anahama. Vitu dukani vilikuwa vichache. Mashine za kukunjia mabomba zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ndogo, kuukuu, ina gurudumu lenye mfereji na mpini mrefu: unalaza bomba ndani ya mfereji, unavuta mpini, bomba linazunguka gurudumu likiwa limeshikwa pande zote. Nyingine ilikuwa kubwa, ya jeki, imepakwa rangi nyekundu, na chuma kinene kinachosukuma bomba katikati huku ncha mbili zimezuiwa. Ile ya jeki ilinipendeza palepale. Ilikuwa na sura ya kiwandani, sura ya picha za magazeti ya wakati ule, za vijana wanaojenga taifa. Niliona aibu hata kufikiria kupeleka ile nyingine, yenye kutu, ofisini kwetu kwenye hati ya malipo.

Pazi hata hakuitazama ya jeki. Alichuchumaa mbele ya ile ndogo, akapitisha kidole kwenye mfereji wa gurudumu, akazungusha, akapitisha tena. "Hii imekaa vizuri," akasema. "Huu mfereji unalishika bomba lisipumue." Nikamwambia, tena kwa sauti ili dukani wanisikie, "Mzaramo bwana! Umeletwa kwenye ng'ombe unataka kuku. Unaogopa mashine? Basi twende zetu, nikuchukulie ngoma ukacheze." Wateja wawili waliokuwepo wakacheka. Pazi naye akacheka, angefanya nini? Mtani hakasiriki. Angenibishia angeonekana ameshindwa utani mbele ya watu. Akainuka, akajifuta kidole kwenye suruali, akasema, "Mpagazi akishachagua mzigo wake, mwachie," akatoka nje kutafuta mkokoteni.

Hapo ndipo nilipoharibu, na ninapakumbuka kila kipande chake: harufu ya grisi, feni isiyozunguka, kalamu ya Bwana Nazarali ikiwa imesimama juu ya stakabadhi. Aliniuliza, "Binti, bomba lenu ni la maji au la fanicha? La ukuta mnene au mwembamba? Maana jeki hii inataka bomba nene, jembamba italibonyeza. Mngeniletea kipande tukajaribu hapahapa. Mie sina haraka." Aliuliza kwa adabu kabisa. Na mie nilijua. Nilikuwa nimeyaona yale mabomba kila siku uani, mepesi, nayaruka nikienda kuoga, unaweza kuyabeba matano begani. Lakini nilikuwa nimeshamcheka mtu mbele ya watu, mkokoteni ulikuwa unasikika nje, na kurudi nyuma kungekuwa kuambiwa Mzaramo asiyejua kusoma ameona kuliko mie. "Nene," nikasema. "Tumeshapima." Akanitazama juu ya miwani, akaandika.

Bomba la kwanza lilibonyea. La pili likabonyea. Wapangaji wote walikuwa wamesimama uani kutazama mashine nyekundu ikifanya kazi, watoto wamepanda juu ya pipa, na Pazi akipampu jeki taratibu, na bomba badala ya kukunjika kwa duara likaingia ndani katikati, likawa bapa kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Akaligeuza, akajaribu upande wa pili. "Labda hujaizoea," nikasema. "Labda," akasema. Nikatania kwamba Mzaramo amezoea mpini wa jembe tu, watu wakacheka wakatawanyika. Baada ya kula, bado mapema, taa za kandili ndiyo kwanza zinawashwa, nikiwa nimejilaza chumbani nilimsikia juu ya ukuta akizungumza na mkewe. "Mashine haifai kwa bomba hili, Somoe." Somoe akauliza, "Umemwambia?" "Simwambii. Ametuhangaikia mtoto wa watu, amenipatia barua. Atajisikia vibaya. Nitatumia mchanga kama zamani, nitaamka mapema zaidi." Nilikuwa nimekodoa macho kwenye bati. Kikohozi kilinishika nikakimeza, wasije wakajua nipo macho.

Nitasema hili kwa sababu ni la kusema: kesho yake, baada ya kazi, nilikwenda. Nilishuka basi Kariakoo nikatembea mpaka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Bwana Nazarali. Ile mashine ndogo ilikuwepo bado, naiona kwenye dirisha, mpini wake umeegemea kioo. Mzee alikuwa ndani akipigilia misumari kwenye sanduku. Nilichotakiwa kufanya ni kuvuka barabara na kusema, mzee, nilikudanganya, naomba unibadilishie. Angebadilisha, naamini hivyo, alikuwa na sura ya mtu wa kubadilisha. Nikasimama pale mpaka muuza machungwa akaniuliza kama nimepotea. Nikanunua machungwa. Nikarudi Manzese na kumwambia Pazi, ambaye hakuwa ameniuliza chochote, kwamba nimepita dukani na mzee amekataa kubadilisha. "Ah, si neno," Pazi akasema. "Asante kwa kujaribu." Akala chungwa moja, akamwekea Somoe moja.

Basi tukarudi kwenye mchanga, na masika yakaanza. Vitanda thelathini vilihitaji mabomba mengi ya kukunjwa, kichwani na miguuni, na siku ya kufungua zahanati haikusogea. Pazi alianza kazi alfajiri na kumaliza jua likizama. Somoe alivuta mvukuto mpaka mikono ikamvimba. Mie, kwa kuwa dhamiri ilinisuta, nikajipa kazi ya kukaanga mchanga. Tuliuchota bondeni, tukaumwaga juu ya kipande cha bati kwenye moto wa kuni, nikaugeuza kwa koleo mpaka ukauke kabisa. Pazi alinifundisha namna ya kuujua: "Uminye mkononi. Ukishikana, bado. Ukikutiririka vidoleni kama sukari, tayari. Na usinionee huruma kuni, Mnyamwezi, mchanga mbichi ndani ya bomba lililozibwa ni bunduki." Alinieleza hilo kwa uso mkavu, bila utani, mara moja tu. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Kila asubuhi kabla ya basi la ofisini nilikaanga debe moja, na kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda, tukitoa vitanda vitatu, hata vinne kwa wiki badala ya kimoja. Vitanda vilijipanga ukumbini mpaka tukawa tunapita kwa ubavu. Balozi alikuja kuviona, akakaa juu ya kimoja, akaridhika, akaitwa kunywa chai.

Asubuhi ninayoizungumzia, mvua ilikuwa imenyesha tangu kabla ya adhana. Kuni zilikuwa zimelowa, zinatoa moshi tu. Vitanda vilikuwa vimebaki viwili. Nilikaanga nikichungulia saa, macho yananiwasha, na ofisini nilikuwa nimeshachelewa mara mbili juma lile na kuitwa na mkuu wa utumishi. Nikachukua konzi ya mchanga, nikaminya. Ukashikana. Nikafungua kiganja, ukabaki na alama za vidole vyangu. Nikautazama, nikaumwaga kwenye debe pamoja na mwingine, nikabeba debe nikampelekea Pazi kwenye kibanda cha bati alichokuwa anafanyia kazi. Na pale mlangoni ndipo iliponipasa kusema, Fundi, mchanga haujakauka, subiri. Maneno hayo hayafiki hata kumi. Lakini ningeyasema hivyo, kikavu, angeniuliza mbona, na ningesema nachelewa, na ningejisikia yote mengine yananijia mdomoni, mashine na duka na machungwa. Nikachukua sauti ya kila siku. "Haya Mzaramo, huu mchanga umelowa kama ndevu za babu yako akinywa uji. Utakulipua leo, nibaki na Somoe peke yangu!" Somoe akacheka pale kwenye mvukuto. Pazi akacheka. "Nikifa utanizika, kwani kazi ya mtani ni nini?" Akaanza kumimina mchanga kwenye bomba. Hakuuminya. Kwa nini auminye? Aliniamini kwa mchanga, na alichosikia kilikuwa utani.

Nilikuwa nimeshavuka ukumbi na mwamvuli mkononi niliposikia. Haukuwa mlio mkubwa. Watu wakisimulia husema kishindo, lakini ulikuwa mlio mfupi, mkavu, kisha kimya, kisha sauti ya Somoe. Kizibo kilikuwa kimeruka na mvuke na mchanga wa moto nyuma yake, na Pazi alikuwa ameinamia bomba kuangalia rangi ya chuma, amekaza macho yale yale. Nilipofika alikuwa amekaa chini kwenye matope, viganja vimefunika uso, anauliza kwa utulivu kabisa, "Somoe, wewe umeumia? Mnyamwezi ameondoka? Hajaumia?" Nikasema nipo. Akasema, "Alhamdulillahi." Tulimpakia kwenye gari la mkaa mpaka hospitali. Walijitahidi. Jicho la kushoto liliondolewa siku ileile, la kulia likabaki lakini halikuona tena kitu, mwanga tu kidogo kwa miezi michache, kisha nao ukaisha.

Vitanda viwili vilivyobaki vilimaliziwa na yule rafiki yake mwenye umeme. Zahanati ikafunguliwa, barua ya kumtambua ikatoka, niliipiga taipu mwenyewe, na sasa hapakuwa na lori ambalo lingehangaika na mtu kipofu. Nilimpelekea chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akipapasa bomba la kichwani, pale lilipokunjwa. Nikamsomea barua. Akataka nimsomee mara ya pili. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nikimaliza kusoma nitamwambia, na nilimaliza, nikavuta pumzi, na yeye akasema, "Ulinitabiria, Mnyamwezi. Mdomo wako una uchawi," akacheka, na Somoe akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Ningeanzia wapi? Nikacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka kwelikweli, kwa nguvu.

Mwisho wa mwaka nikahamia Kinondoni, nikasema ni karibu na kazi. Wao baadaye wakajenga Mtoni, Somoe akiuza maandazi na Pazi akifundisha vijana kazi ya chuma kwa kupapasa. Wanasema hakuwahi kuruhusu kijana ajaze mchanga bila yeye mwenyewe kuuminya. Nilikwenda kuwaona sikukuu na misiba. Tukataniana. Miaka ikaenda, nikastaafu, nikafiwa na mume, na bado nikipita mahali wanapojenga, penye lundo la mchanga, mkono wangu unainama wenyewe. Nachukua konzi, naminya, nafungua kiganja. Mafundi wananitazama, bibi huyu ana nini? Mvua ikinyesha asubuhi siwezi kuinjika chungu chenye kifuniko kizito. Sijawahi kumweleza mtu kwa nini, hata mume wangu alidhani ni tabia za uzee zilizoniwahi.

Msibani Mtoni nilifika wanaume wamekwenda kuzika. Wanawake walijaa uani, sufuria za pilau ziko motoni, na Somoe ndani, kwenye mkeka, amejifunika kanga mpaka usoni, mzee sasa, mdogo sana. Kabla sijakaa wakaanza: "Mtani kaja! Mnyamwezi kaja! Mleteeni nguo!" Binti mkubwa akaleta kofia ya baba yake, koti lake na fimbo. Nikavaa. Nikafumba macho, nikanyoosha fimbo mbele, nikaanza kutembea kama Pazi alivyotembea, kidevu juu, hatua ndefu, bila kuogopa kitu. Kicheko kikapanda palepale. Nikaigusa sufuria kwa fimbo nikauliza kwa sauti yake kama mboga iko upande wangu. Wakapiga makofi. Somoe akafunua kanga kidogo atazame.

Sijui kilichonifungua ni kipi. Pengine ni kule kufumba macho. Nikauliza kwa sauti ya Pazi, "Jamani, nani aliyenizimia taa?" Na nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe, "Mie, Mnyamwezi. Mie nilichagua mashine mbovu, ukachagua nzuri nikakucheka. Nilimdanganya mwenye duka. Nilikwenda kuibadilisha nikaishia kununua machungwa, nikakuambia amekataa. Mchanga niliukaanga nusu, nikauminya, ukashikana, nikakuletea hivyohivyo. Mie ndiye niliyekupofua, Pazi. Si mvua, si bahati mbaya. Mie." Nilisema polepole, kila neno, nikiwa nimesimama katikati ya ua kwa kofia ya maiti. Kicheko kilinipiga kutoka pande zote. "Muueni huyo!" mtu akapiga kelele. "Fungeni mlango asitoroke!" Mama mmoja alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. Nikafungua macho na wote walikuwa wananipenda.

Nikavua kofia, nikaingia ndani, nikapiga magoti kwenye mkeka wa Somoe, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Somoe, nisikilize. Si utani. Ni kweli yote." Alinitazama, machozi yanamtiririka kwenye mikunjo, na kwa nukta moja nikadhani amenielewa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kilekile cha Manzese, akajishika ubavu. "Acha, mke mwenzangu, acha, utaniua na mie. Tangu asubuhi sijapata pumzi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Mlangoni waliingia wanawake wengine watatu, wageni kutoka Kilwa, wamecheleweshwa na basi, ndio kwanza wanavua viatu. Somoe akawaita wakae karibu, akaniokotea kofia ya mumewe akaniwekea kichwani kwa mikono yake. "Simama mtani," akasema. "Hawa hawajasikia. Warudie ile ya mchanga."

Nikashika fimbo, nikafumba macho, nikasimama.